Mstari Unaopita Jikoni

Mimi ndiye niliyeuchora.
Si kwa mkono. Kompyuta ilikokotoa pepo za mwaka mzima,
unene wa tangi la amonia, uchovu wa vali,
ikanirudishia duara jekundu juu ya ramani ya Noordersluis:
ndani yake, nafasi ya kufa ni moja katika milioni kwa mwaka,
au zaidi.
Nje, pungufu. Na pungufu, kisheria,
jina lake ni salama.

Duara likapita katikati ya nyumba ya Wietske Hoekema.
Jiko hatarini. Chumba cha kulala salama.

Jumanne usiku, ukumbi wa mazoezi wa shule,
viti vya plastiki chini ya kikapu cha mpira,
makoti yananuka mvua.
Nikawaambia: hata radi huua watu kuliko hivi.
Foppe wa karakana akanikata kauli:
"Radi haina wenye hisa."
Wakacheka. Nikacheka nao, nikachelewa kunyamaza.

Jitske, mwenye wana wawili zamu ya usiku kiwandani,
hakucheka. "Fungeni basi," alisema,
"kisha mnichoree duara la njaa,
tuone linaishia mtaa gani."

Ndipo Wietske akasimama, mkoba kifuani.
"Hao milioni ni akina nani, bwana?
Mji huu tuko elfu tisa.
Wengine umewatoa wapi,
na mbona hawakuja mkutanoni?"

Jibu nilikuwa nalo. Kiambatisho cha tatu, ukurasa wa arobaini na moja.
Nililiacha mkobani.

Alinialika kahawa. Sakafuni amebandika utepe,
toka kizingiti hadi jokofu,
umenyooka kuliko wangu.
"Utanywea upande upi?"
Nikavuta kiti. Miguu miwili huku, miwili kule.
Hakuna aliyelitaja.

Usiku huo, peke yangu ofisini,
niligusa tarakimu ya vali, ya tatu baada ya nukta,
kiasi ambacho kanuni zinaruhusu na hakuna atakayeuliza.
Mstari ukasogea mita mbili,
ukatoka jikoni kama mgeni aliyejua ameudhi,
ukasimama nje, kwenye kitalu cha kabichi.

Hakuna bomba lililokazwa.
Tangi lilikuwa palepale, limejaa vilevile,
upepo ukitoka kaskazini.

Nikafuta. Nikaandika upya. Nikafuta.
Ripoti inatakiwa Ijumaa.