Nukta Saba

Saa kumi alfajiri kipimajoto kinasema moja nukta saba,
na kabla ya saa kumi na moja natakiwa kutamka neno moja:
mvua, au theluji.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu.
Hawakufika Svaneti mwezi wa Aprili.
Hapa mawingu ni dalili ya mawingu.
Wingu lile lile linaloosha paa za bondeni
huwafukia ng'ombe malishoni,
kilima kimoja tu juu.

Kompyuta za mbali ni tatu, na kila moja imeota yake.
Ya kwanza inasema theluji itashuka hadi kanisani.
Ya pili inasema haitavuka msitu.
Ya tatu bado inafikiri.

Mwaka juzi nilisema mvua.
Nilikosea kwa nusu nyuzi,
joto la pumzi ya mtoto kwenye kioo.
Tarasi aliniamini, akapandisha kondoo.
Hajanilaumu hata siku moja.
Kila Pasaka huniletea jibini, duara, imefungwa kitambaa cheupe,
na kila Pasaka duara limepungua.

Simu inalia. Ni Mushni, wa greda.
Lori la piano ya shule limelala chini ya korongo,
piano imevikwa mablanketi manne na turubai,
na mwalimu Marekhi ameisubiri miaka sita.
"Nimwambie dereva afunge minyororo?"
"Huenda," nasema.
"Dada, huenda haifungwi kwenye gurudumu."

Nafungua dirisha, natoa mkono, mkono wa sweta nyeusi.
Linatua tone.
Kisha linatua kitu kisicho na kabila,
kina miguu ya theluji na moyo wa maji,
kinanitazama, kinazama kwenye sufi.
Juu ya bati: ta, ta, ta-ta.
Kisha kimya.
Si kimya cha kukoma.
Ni kimya cha mtu anayebadili nguo chumba cha pili.

"Mushni! Mvua mpaka daraja la mbao. Toka hapo, theluji.
Afunge minyororo darajani."
"Upande upi wa daraja?"
Nakata simu. Kuna maswali ya Mungu na maswali ya Mushni.

Mchana lori likafika, matope mpaka milangoni,
mgongo wa turubai mweupe kama mkate wenye unga.
Theluji ilianza hatua mia mbili kabla ya daraja;
walifungia minyororo kwenye tope la barafu, wakitukana,
sikuuliza walimtukana nani.

Wanaume saba wakaibeba hadi darasani.
Marekhi akavua glovu, akabonyeza noti moja,
akainamisha kichwa.
"Baridi imeishusha," akasema. "Nusu tu."
Nikamwambia nusu naijua.

Daftarini, saa nane: sifuri nukta tisa, upepo wa magharibi.
Kesho:
nimeandika, nimefuta, nimeandika tena.