Donge la Risasi

Endel aliileta imefungwa kwa sweta la mkewe,
akailaza mezani kama mtoto mwenye homa.
"Inasikia," akasema, "ila haisemi.
Asubuhi husema. Ikishapata joto, kimya."
Akavaa tena kofia, theluji ikadondoka sakafuni kwangu,
akaenda zake bila kuuliza bei.

Hapa Kuressaare bahari imeganda tangu Januari.
Wenye redio hawana kazi ila kuita:
wanaita Vardø, wanaita Gdańsk, wanaita yeyote,
na asiyeweza kuitika
huhesabiwa miongoni mwa wagonjwa.

Nikaifungua. Skrubu kumi na moja;
ya kumi na mbili haipo, nikacheka peke yangu:
fundi gani huyu, alikuwa anakimbilia wapi?

Nikaanza palipo rahisi, kama nilivyofunzwa.
Fyuzi nzima. Volti kumi na tatu na nusu, hazitikisiki.
Maikrofoni nikaijaribu kwenye redio nyingine: haina kosa.
Nikafunga mzigo bandia pahali pa antena,
nisiwasumbue watu hewani kwa kikohozi cha mgonjwa,
nikabonyeza, nikasema moja, mbili, moja, mbili.
Wati tisini. Mzima wa afya!
Haya, mficha maradhi, nikamwambia,
chai ninayo, na usiku ninao.

Dakika ya ishirini na tatu, sindano ikalala.

Nikachukua kijiti cha mbao, kile cha kulia tambi,
nikagonga kapasita: hola.
Nikagonga rilei: hola.
Zile transista mbili nene zilizokalia bati la kupozea, hola.
Nikapuliza baridi ya kopo, kipande kwa kipande,
mpaka konani, ambako koili moja
imesimama kama korongo, mguu mmoja.
Sindano ikaruka. Ikalala. Ikaruka.

Nikavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza.
Donge. Risasi ya kulehemu, ya kijivu, haing'ai,
imeukalia mguu wa waya bila kuushika,
na ufa mwembamba kama unywele umelizunguka.
Kando yake alama ya kuungua,
na kwa wino wa zambarau, tarehe
na herufi moja: L.

Wino wa zambarau kisiwani hapa
nilikuwa nao mimi tu.

Mwaka ule rubli zilikuwa zinafia mifukoni.
Pasi yangu ya kulehemu ilikuwa haishiki moto,
Tarmo analia na surua chumba cha pili,
nikagusa, nikainua mkono kabla risasi haijatulia,
nikapiga simu: Endel, tayari.
Akanilipa gunia la viazi.
Tulikula mpaka Aprili.

Miaka thelathini na mitatu donge hili limenitunzia siri,
likitanuka, likisinyaa, likitanuka,
na jirani yangu akikatika katikati ya sentensi,
akilaumu jua, akilaumu hewa, akipanda darini
kuibadilisha antena isiyo na hatia,
na juzijuzi, nasikia, akilaumu uzee.
Risasi ndogo hivi. Haikuua mtu.
Ila waliokuwa upande wa pili wakingoja amalizie,
hao sijui walingoja kiasi gani.

Nikaifyonza yote. Nikasafisha kwa spiriti.
Nikapasha moto waya kwanza, kisha risasi,
ikatiririka, iking'aa kama jicho la samaki;
nikahesabu hadi kumi, pumzi nimeibana,
mkono sikuuondoa.

Saa mbili na nusu za joto. Wati tisini, tisini, tisini.

Ningeweza kunyamaza. Nani angejua?
Nikampigia, nikamweleza lile donge, ile tarehe, ile L.
Simu ikawa kimya hata nikadhani nayo imekatika.
Kisha akauliza:
"Viazi je, vilikuwa vizuri?"
"Vizuri sana, Endel."
"Basi njoo nayo kesho. Mke wangu anataka sweta lake."

Nikashika kopo la skrubu kuukuu,
nikalimwaga lote mezani,
nikaanza kuitafuta ya kumi na mbili.