Bonde la Godoro

Miaka thelathini na minane nimeshona viatu vya watu
hapa Felgueiras, kiwanda cha pili baada ya daraja,
visigino vyembamba kama shingo ya glasi,
nikivilaza kwenye maboksi ya kwenda miji nisiyoijua.
Sasa goti langu la kushoto hutabiri mvua
kabla redio haijafungua kinywa.

Daktari kaandika: baridi yabisi.
Kisha akasema, kama mtu aombaye radhi,
“Vile virefu, Dona Deolinda, vitupe.”
Vile vyeusi! Nilivyojishonea usiku, kwa mabaki ya ngozi,
kwa harusi ya Ilda.
Nikavipaka rangi, nikavirudisha kabatini.
Kutupa ni neno kubwa.

Dukani nilikwenda saa kumi na moja jioni, makusudi,
miguu imekwisha kuvimba.
Mguu wa asubuhi ni mgeni, husema uongo kwa adabu;
wa jioni ndiye mwenye nyumba.
Telmo, kijana wa duka, akaleta jozi:
“Hivi wazee wanavipenda.”
Sikumjibu. Nikakikunja kimoja.
Kikakunjika katikati, kama barua.
“Hiki hakina mgongo,” nikamwambia.
“Kiatu kikunjike pale vidole vinapokunjika, si pengine.”
Nikabinya kisigino cha kingine, kikabonyea kama mkate wa moto.
Cha tatu nilikitia pua tu:
gundi ile naijua, imenipa kikohozi tangu usichana.
Leta vingine.
Akaleta. Akapanda ngazi, akashuka, akaleta.

Jozi ya saba: kahawia, pana mbele kama uso wa ng’ombe,
soli nene, na badala ya kamba, vishikizo vya kunata,
kwa vidole vya mkono visivyotaka tena kufunga fundo.
Vibaya, jamani.
Ningekuwa msimamizi ningevirudisha mezani.
Nikasimama ndani yake,
na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka
sakafu haikunigombeza.

“Umenunua matrekta mawili,” akasema Belmiro.

Yeye mwenyewe nyonga yake inalia kama bawaba.
Kitanda usicholalia hujui kunguni wake;
chetu nimekilalia miaka arobaini na mmoja, nakijua.
Kunguni hakina. Kina bonde.
Godoro la mama mkwe limezama katikati,
na kila usiku twaanza huku na huku, kila mtu na ukingo wake,
alfajiri twajikuta tumeporomoka chini,
goti langu ubavuni mwake,
tumenuna, tuna joto.

Ilda akatupeleka Penafiel kujaribu magodoro.
Tukalala na makoti yetu, chali,
mikono kifuani, kama maiti wawili wenye heshima.
La kwanza laini mno, nyonga ikamezwa.
La pili gumu, bega likapiga kelele.
La tatu halikusema kitu.
Tulikuwa bado tunalisikiliza
Belmiro akaanza kukoroma mbele ya wateja.
Ilda akaficha uso. Mimi nikafungua pochi.

Usiku ule niliweka mto kati ya magoti,
mwingine mdogo chini ya shingo,
mgongo ukanyooka kama mshono wa mashine mpya.
Sikuamka saa tisa kuvihesabu viungo vyangu.

Asubuhi nikageuka:
Belmiro yuko kule mbali, ukingoni mwake,
na kati yetu uwanda mtupu wa shuka
usio na hata kunyanzi.
“Umelala?”
“Nimelala.”
“Goti?”
“Limenyamaza.”
Mvua ilikuwa inanyesha. Hakuna aliyeitabiri.
Tukatazama dari, kila mtu na kipande chake.

“Godoro hili halina mteremko,” akasema hatimaye.
“Sasa mtu akitaka kufika kwa mwenzake
itambidi atembee.”

Nikautoa mto katikati ya magoti.
“Viatu ninavyo,” nikamwambia.