Nusu Yai

Karani alikuja kwetu na suti yake ya kijivu,
tai nyekundu ameifungia nyuma, mkiani,
na kibali cha serikali ambacho Kilonzo
alikitia fremu, akakitundika
juu kidogo ya cheti chetu cha ndoa.

Sasa suti imetoboka kifuani.
Ananyonyoa manyoya moja moja, jioni,
kama mtu anayechambua mboga akiwaza mambo mengine.
Nikamfunga kwa leso, tukaenda Kabete.

Daktari Gathecha akamweka kwenye mizani ya jikoni,
akabonyeza kidari, akaguna.
"Mama, unamlisha nini?"
Alizeti.
"Na nini tena?"
Alizeti.
"Basi huyu anakula chipsi asubuhi, mchana na jioni.
Manyoya hayaoti kwa mafuta. Mpe protini."
Akaandika nyuma ya risiti, kwa ule mwandiko wao.
Nilidhani ni dawa. Nilipoisoma dirishani
nikaona ni mapochopocho ya arusi:
dengu zilizochipua, mbegu za maboga, omena,
yai la kuchemsha pamoja na ganda lake,
mfupa wa kuku.

Wiki hiyo nilizunguka jiji
kwa ajili ya tumbo lisilozidi kijiko.
Omena nikazitoa Gikomba,
nikaziosha maji matatu mpaka mchanga ukaisha.
Muuza dengu akaniuliza: "Kasuku ngapi, mama?"
Mmoja tu, nikasema, naye ni mgonjwa.
Akanitazama, akautazama mkebe wa kupimia mkononi mwake,
tukacheka, yeye kwa lake, mimi kwa langu.

Nafula wa mlango wa pili
akaniletea kumbikumbi wa kwao, Kakamega,
wakavu, ndani ya gazeti la mwezi jana.
Karani akamshika mmoja kwa mguu,
akamgeuzageuza kama keshia anayekagua noti ya elfu,
akaanza na kichwa.

Mfupa ndio ulioleta maneno.
"Ndege amle ndege?" Nafula kashika kiuno.
"Hata sisi Jericho hatujafika huko."
Karani hakujibu. Alikwisha kuupasua,
ananyonya uboho macho nusu wazi,
kama diwani kwenye karamu ya watu wengine.

Parachichi namnyima.
Mti wa jirani unayadondosha juu ya mabati usiku kucha,
lakini kwake ni sumu, hata kipande cha ukucha.
Nayaokota alfajiri, kabla hajaamka,
nayagawa.

Yai ndilo linalonitesa.
Hawezi kulimaliza. Anakula nusu,
ganda analisaga, kiini anakipaka ukutani,
na nusu nyingine inabaki sahanini ikinitazama.
Mimi tangu Machi ni chai.
Chai na mkate; siku nyingine, chai.
Kliniki walinivuta kope la chini, wakaona weupe,
wakaniandikia karatasi yangu.
Ipo. Nimeiweka chini ya sufuria, isiunguze meza.

Saa moja jioni Karani huuliza,
kwa sauti ya Kilonzo, ile ya mlangoni,
kabla ya kuvua viatu:
"Mutheu, umekula?"
Miezi yote hii nilimjibu ndiyo.
Ndege ni rahisi kumdanganya.

Jana akauliza, nikanyamaza.
Akauliza tena, kichwa kainamisha upande,
na pale kwenye upara wa kifua
nikaona vishina vyeusi vimechomoza,
vidogo, kama ncha za kalamu.

Nikaichukua ile nusu.
Haikuwa na chumvi, ndege hapewi chumvi.
Nikaila nimesimama.
"Bado," nikamwambia, mdomo umejaa. "Ndio nakula."

Akakohoa kile kikohozi cha marehemu
cha mtu aliyepokea hesabu sahihi,
kisha akagonga sahani mara mbili
kudai mfupa wake.