Sekunde Kumi na Mbili

Kampuni ilizima waya wa shaba mwezi wa Novemba,
ikatuma barua ya pole, na kuponi ndani.
Ndiyo maana leo nimepiga magoti jikoni kwa mama,
mjini Eveleth, Minnesota, nje baridi ya kupasua miti,
nimeshika kidude cheupe, saizi ya mche wa sabuni,
taa zake tatu zikikonyezana kama wenye siri.

Mama, Aune Lahtinen, miaka themanini na saba,
hataki simu nyingine. Anataka hii hii ya kuzungusha,
nyeusi, nzito, ya kumpondea mwizi,
aliyoinunua baba kwa mshahara wa mgodi wa chuma.
"Simu ni ile ile," namwambia. "Njia tu ndiyo mpya."
"Njia mpya," anasema, akimimina kahawa. "Nani kaifyeka?"

Mimi, mama. Naifyeka sasa hivi
ndani ya kisanduku kimoja, ukurasa wa nne wa mipangilio:
mabano, vijiti vya wima, na herufi eksi,
ambayo humu maana yake ni tarakimu yoyote,
mgeni yeyote, karibu, pita.

Tisa, moja, moja: isisubiri kitu.
Akipiga tarakimu saba, kama alivyozoea tangu usichana,
adapta imtangulizie mbili, moja, nane, kimyakimya,
kama mjukuu anayemshika bibi mkono gizani
bila kumwambia kwamba hapa pana ngazi.
Zinazoanza na mia tisa, komeo.
(Aliwahi kupoteza dola mia nne kwa mpiga ramli
mwenye sauti ya mchungaji. Hatulizungumzi.)

Tukajaribu.
Akazungusha saba. Akatafuta miwani.
Akazungusha nne, gurudumu likarudi likikoroma,
akainuka kumfukuza paka mezani,
na simu ikamkatia: ti, ti, ti.
"Haina adabu," alisema.

Subira yavuta heri, lakini huko kiwandani
subira wameipimia sekunde nne.
Nikafuta nne, nikaandika nane.
Nikamtazama vidole.
Nikafuta nane, nikaandika kumi na mbili.

Safari hii hakuharakishwa na mtu.
Tano. Sita. Moja. Tisa.
Akaishia hapo, mkonga sikioni, akisubiri.
Adapta nayo ikasubiri, sekunde zote kumi na mbili,
ikapekua kanuni zangu moja baada ya nyingine
isipate hata moja inayomhusu marehemu.
Kwa maana hiyo ilikuwa namba ya Impi, dada yake,
ya enzi mji huu ulipokuwa mdogo
na tarakimu nne zikatosha kumfikia kila mtu.
Impi tulimzika Machi, ardhi ikiwa bado jiwe.

"Najua amekufa," mama alisema, kabla sijafungua mdomo.
"Nilikuwa naangalia kama vidole vinakumbuka."

Usiku, yeye akiwa sauna, nilirudi kwenye kisanduku.
Nikachomeka kijiti kimoja cha wima mwishoni,
kisha tano, sita, moja, tisa,
na mbele yake namba ya nyumbani kwangu, Duluth.
Nikabonyeza hifadhi. Taa zikazimika, zikawaka.
Sikumwambia. Ningemwambiaje?

Alhamisi, kabla hakujapambazuka, simu yangu ililia.
Nikaipokea mlio wa kwanza, moyo ukiwa mkononi.
Kimya. Nikasikia birika lake likichemka.
"Impi hakuwa anapokea haraka hivi," mama alisema.
Sikupata la kujibu.
"Basi. Huko kwenu theluji imeanguka?"
Nikasogeza pazia, nikamwambia: inaanguka.
"Ya kushikana, au ya unga?"
Nikafungua dirisha, nikatoa mkono nje
ili nimjibu la kweli.