Mizani ya Nala

Kwa miaka sita sikununua daftari la hesabu.
Kitambaa changu cha meza, kile cha marikani,
ndicho kilichonisomea mauzo:
jioni kikiwa kijivu, tumekula;
kikiwa cheusi, mna ada ya shule ndani yake.

Malori yalipanga foleni ya mizani hapa mlangoni,
yakiunguruma, hayaendi, hayazimwi,
na moshi wake ulitangulia kuingia kwenye mlenda
kabla ya chumvi.

Halafu korona.
Wakaleta ndoo yenye koki, tukanawa mpaka viganja vikachanika.
Shule zikafungwa. Mpaka wa Rusumo ukabana,
madereva wakalala foleni kungoja majibu ya pua zao.
Kalisa, asiyeondoka bila sahani mbili,
alinipigia kutoka huko: "Mama Foibe, leo siku ya kumi na moja,
wali wako unanijia ndotoni."
Nikacheka. Simu ilipokatika nikatazama barabara:
mbuzi watatu katikati ya lami,
wanacheua.

Siku ya nane nilikianua kitambaa
nikakikunja bila kukifua.
Kaskazini vilima vikatokeza,
vya samawati, na mikunjo yake yote.
Kumbe vilikuwapo.

Na Lechipya, kitinda mimba wangu, mwenye pumu,
akalala kifudifudi kama watoto wa wenzangu.
Nilimwinamia nikiutafuta ule mluzi wa kifuani.
Hakuna.
Nikakaa sakafuni nikaisikiliza ile hakuna
mpaka jogoo akawika,
kisha nikaenda kukopa unga.

Mangi wa duka ananijua kwa mwandiko wake:
ukurasa mzima, jina langu juu.
Akapita bwana mmoja wa mjini na barakoa kidevuni,
akavuta pumzi, akasema hewa imetakata, Mungu mkubwa.
Nikamwitikia, kweli.
Sikumwambia kwamba haipikiki.

Juzi yamerudi.
Kalisa ameshuka, amekonda, akaagiza sahani mbili,
akalipa na zile za ndotoni.
Jioni nikakikung'uta kitambaa: kijivu.

Chumbani Lechipya akakohoa mara moja,
akanyamaza,
akakohoa tena.
Nilikuwa nahesabu noti. Nilifika elfu kumi na nne,
nikapotea,
nikaanza upya.