Pipa la Bluu

Ililetwa juu ya magunia ya kabeji,
imeviringishwa blanketi kama mgonjwa wa rufaa,
pangaboi lake likichungulia nje.

"Inakohoa," akasema Nyagwara wa Karagita.
"Mwendo wa pole, sawa. Nikiikazia inanuna.
Juzi nimerudi kwa kasia mbele ya viboko."

Mimi ni fundi wa jenereta na pampu.
Ziwa nimeliona kwenye kalenda ya bucha.
Kuogelea sijui. Lakini nikamwambia iache,
chuma kikiugua hakiulizi mganga kazaliwa wapi.

Mitungi kumi na minne, hamsini hamsini,
nikalijaza pipa la bluu lililokuwa la sabuni,
maana mashini hii haiwashwi kavu:
maji ndiyo kivuli chake.
Mama Kasyoka wa chapati akauliza
kama sasa Kariobangi tunafuga samaki.

Nikaanza pale kila fundi anapoanza, kwa kulaumu mafuta.
Petroli ya mwaka jana, imeshakuwa utomvu.
Nikaimwaga. Nikachanganya upya, hamsini kwa moja,
nikipimia chupa ya mtoto, ile yenye mistari.
Nikafungua kabureta, nikapuliza vitundu
mpaka masikio yakalia.
Plagi mpya. Koili ya kuazima.
Ikawaka, ikatetemeka kama mtu anayedaiwa.
Ta-ta. Kimya. Ta.

Basi nikafanya lile alilonionyesha marehemu Muthemba
kule Grogan, bila maelezo mengi:
injini ikinguruma, chomoa waya wa plagi moja.
Ikilegea, ikilalamika, rudisha, huyo yuko kazini.
Ukichomoa na isijue,
huyo ndiye aliyelala.

Nikachomoa wa chini: nusura izimike.
Nikachomoa wa juu.

Haikushtuka. Haikubadili hata pumzi.

Nilisimama na ule waya mkononi
nikiikumbuka Juba, miezi saba ya kufunga mapampu,
na usiku niliorudi nikabisha mlango wangu
nikakuta viti vimepangwa upya, redio ina stesheni nyingine,
na Syombua akasema, bila ubaya wowote,
"Kumbe ni leo?"

Saa moja jioni stima ikapotea,
kuanzia sokoni hadi mtoni, giza.
Wachomeleaji wakatukana. Vinu vya unga vikanyamaza.
Nikasema nifunge kazi.
Nikavuta kamba mara ya mwisho, kwa hasira tu.

Ndipo nikaiona:
cheche ya samawati, nyembamba kama uzi wa kushonea,
ikiruka kutoka ubavuni mwa waya hadi kwenye bloku,
tik, tik, tik,
ikitoroka vidole vitatu kabla ya kufika kazini.
Moto ulikuwepo siku zote.
Ulivujia njiani, mahali ambapo mchana kutwa
nilipapasa na kuapa kwamba ni pazima.

Nikakata kipande cha waya wa pikipiki,
nikaunga kwa mwanga wa simu niliyoing'ata kwa meno.
Nikavuta.

Aisee!
Pipa likataka kusafiri.
Maji yakaruka ukingo, yakazoa spana, yakajaa viatuni,
Mama Kasyoka akainua sufuria juu ya kichwa,
watoto wakaja mbio wakidhani bomba la kanjo limepasuka,
nami nimelikumbatia pipa kwa mikono miwili
lisije likatuacha.

Nikampigia Nyagwara. Hakushika.
Nikampigia Syombua,
nimelowa mpaka kiunoni,
nikaisogeza simu karibu na mngurumo.
"Unasikia?"
"Nasikia. Ni nini hiyo?"
"Zote mbili," nikamwambia.
"Sikiliza. Zote mbili."